Casio MG-880: kikokotoo ambacho mchezo wake ni hesabu yenyewe

Nimekuwa nikikusanya vikokotoo vya mfukoni vya zamani kwa miaka kadhaa, na katika mkusanyiko huo nimejifunga na aina moja tu: vile ambavyo, mbali na kujumlisha na kugawanya, vilitengenezwa viwe pia saa, au mchezo, au vyote viwili. Casio MG-880 ndicho ninachokichukua mkononi mara nyingi kuliko vingine vyote, na ndicho ninachotaka kukitathmini hapa kwa kina, kwa sababu sijapata kukutana na kikokotoo kingine cha wakati wake ambacho mchezo wake umezaliwa na kikokotoo chenyewe kwa ukamilifu kiasi hiki. Vyenye saa na vyenye michezo ya picha nitavitaja pale vinaposaidia kuonyesha ubora au upungufu wa hiki.

MG-880 kilitoka mwaka 1980. Ukikitazama kikiwa juu ya meza, kimezimwa, huoni chochote cha kukutofautishia na kikokotoo cha kawaida cha ofisini: umbo jembamba la kukaa katika mfuko wa shati, skrini ya LCD (ya fuwele kimiminika) iliyo juu, na safu za vitufe chini yake. Hakina kijiti cha kuelekezea wala vitufe vya pembeni vilivyoongezwa kwa ajili ya mchezaji. Swichi ile ile inayokiwasha ndiyo inayokihamisha kutoka kwenye hesabu kwenda kwenye mchezo, na mchezo ukishaanza, kitufe cha nukta ya desimali hugeuka kuwa cha kulengea na kitufe cha kujumlisha hugeuka kuwa cha kufyatulia. Vitufe viwili vimetosha. Ubunifu wa namna hii, wa kutumia kilichopo badala ya kuongeza kisichokuwepo, ndio ulionivuta tangu siku ya kwanza.

Mchezo wenyewe unaeleweka kwa dakika moja. Tarakimu huingia kutoka upande wa kulia wa skrini, moja baada ya nyingine, zikisonga kuelekea kushoto kama jeshi linalovamia. Upande wa kushoto kabisa umesimama wewe, nawe pia ni tarakimu: kila unapobonyeza nukta, tarakimu yako husogea mbele hatua moja, kutoka 0 hadi 9. Inapolingana na mojawapo ya zile zinazokuja, unabonyeza kitufe cha kujumlisha na adui huyo anatoweka. Ukimwangusha akiwa mbali unapata alama nyingi. Ukisubiri mpaka akusogelee, alama hupungua. Zikikufikia mara tatu, mchezo umekwisha. Kadiri unavyovuka hatua, kasi huongezeka, na sauti kali ya kifaa huandamana na kila kitendo, kiasi kwamba baada ya siku chache sikio huanza kukusaidia kabla jicho halijaona.

Kama mchezo ungeishia hapo, ningeuita mzuri na kuendelea na mambo mengine. Uzito wake umo katika kanuni moja ndogo ambayo mtu anaweza kucheza wiki nzima bila kuigundua, hasa akiwa amenunua kifaa kisicho na kijitabu chake cha maelekezo. Kila tarakimu unayoiangusha inajumlishwa kimyakimya na zilizotangulia, na jumla hiyo ikifikia kigawe cha kumi, yaani ikiishia na sifuri, hutokea mgeni asiye tarakimu: herufi n, ambayo ina alama nyingi kuliko adui yeyote mwingine. Maana yake ni kwamba mchezaji anayetaka alama kubwa hawezi kufyatua ovyo. Akiwa ameangusha 3 na 5, anajua ana nane, na jicho lake linatafuta 2 hata kama 7 ndiyo iliyomkaribia zaidi. Akilazimika kuiangusha 7 ili ajiokoe, jumla inakuwa kumi na tano, na sasa anayehitajika ni 5. Hesabu hii inafanyika kichwani, kwa kasi, huku safu ikisonga. Ndani ya chombo kilichotengenezwa ili kumpumzisha binadamu kuhesabu kwa kichwa, watengenezaji waliweka mchezo unaomdai ahesabu kwa kichwa, tena bila kumwambia kwamba anahesabu. Sijui namna ya kukisifu kifaa zaidi ya hapo.

Kuna jambo la pili ambalo huonekana kama kasoro na ambalo nimekuja kuliona kuwa ndilo linaloupa mchezo ukali wake. Kulenga kunakwenda upande mmoja tu. Baada ya 9 huja n, kisha 0, na mzunguko unaanza upya. Basi duara lina alama kumi na moja, wala hakuna kurudi nyuma. Ukiwa kwenye 4 na adui ni 5, ni mbonyezo mmoja. Ukiwa kwenye 4 na adui ni 3, ni mibonyezo kumi. Anayeanza hukasirika. Aliyezoea huanza kuyaona mapigano yote kama duara, naye huwaangusha maadui kwa mfuatano unaopanda, akiwaacha walio nyuma yake wangoje mpaka duara litakapowafikia. Halafu huongeza hesabu ya kumi juu ya hayo: kwa kuwa n imekaa baina ya 9 na 0, inafaa uwe umeshapita katikati ya duara wakati jumla yako inapotimia, la sivyo mgeni atakufikia wewe ukiwa bado unabonyeza. Mambo mawili, mfuatano wa duara na jumla ya kumi, hugombana kila mara, na uamuzi wa lipi litangulie ndio mchezo wenyewe. Haya yote yanatokea katika skrini ambayo kipande chake chenye uhai hakifikii upana wa kidole gumba mara mbili.

Asili ya wazo hili haijifichi. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo wa mashine kubwa za kuchezea uliobuniwa na Tomohiro Nishikado, na kwa miaka iliyofuata kila mwenye kiwanda cha vifaa vya kielektroniki alitaka wavamizi wake mwenyewe. Wengi waliiga picha: walichora vijidudu na vyombo vya angani kwa vipande vya LCD vilivyokatwa kwa umbo hilo tu. Casio nao walitoa vikokotoo vya picha, na katika mkusanyiko wangu ninacho BG-15 chenye mchezo wa ngumi, ambacho mabondia wake wamechorwa kwenye skrini pembeni mwa tarakimu. Ni kizuri kutazama na wageni hukipenda kuliko MG-880. Lakini kwangu kinabaki kuwa vifaa viwili vilivyofungwa katika ganda moja, mchezo upande huu na kikokotoo upande ule, kila kimoja kikimngoja mwenzake amalize. Katika MG-880 hakuna upande huu wala ule. Vipande saba vidogo ambavyo kwa kuwaka na kuzimika huunda tarakimu katika kila nafasi ndivyo vinavyoandika jibu la hesabu yako ya matumizi ya nyumbani, na hivyo hivyo ndivyo vinavyokuwa adui, silaha na uhai uliobaki.

Undugu huu wa kikokotoo na mchezo ni wa damu. Mashine ya mkononi ya Mattel iitwayo Auto Race, iliyotoka mwaka 1976 na ambayo huhesabiwa kuwa mchezo wa kwanza wa mkononi uliokuwa wa kielektroniki mtupu, ilijengwa juu ya chipu ya kikokotoo kutoka kampuni ya Rockwell, na programu yake yote ilibanwa ndani ya baiti zipatazo 512. Miaka minne baadaye, mwaka ule ule wa MG-880, Nintendo walitoa Game & Watch ya kwanza. Gunpei Yokoi, aliyeibuni, alisimulia kwamba wazo lilimjia baada ya kumwona abiria ndani ya treni ya mwendo kasi akijipotezea muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo chake. Chipu za michezo hiyo zilitengenezwa na Sharp, kampuni iliyokuwa imepata ujuzi wake wa LCD katika ushindani mrefu wa vikokotoo dhidi ya Casio, na kila mojawapo ilikuwa na saa ndani yake, kama jina lake linavyosema. Kwa hiyo mtu anayekusanya Game & Watch na mtu anayekusanya vikokotoo vyenye michezo wanachota kisima kimoja, ingawa bei za wa kwanza zimepanda sana na za wa pili bado zinavumilika.

Kwa nini mambo haya yalitokea kipindi hicho na si kabla yake? Mwaka 1971 kampuni ya Busicom ya Japani ilitoa LE-120A, kikokotoo cha mfukoni kilichoweka kazi yote ya hesabu ndani ya chipu moja. Mwaka uliofuata Casio Mini kilishusha bei kiasi cha kuwafikia watu wa kawaida, kikiwa na tarakimu sita tu. Mwaka 1973 Sharp EL-805 kilionyesha kwamba skrini ya LCD inaweza kukifanya kikokotoo kiishi takriban saa mia moja kwa betri moja ya kawaida, wakati vile vya tarakimu nyekundu zinazong'aa vilikuwa vikimaliza betri kama moto unavyomaliza majani makavu. Kufikia mwaka 1978 Casio walikuwa na LC-78, chenye unene wa milimita 3.9. Wembamba ulikuwa umepatikana, bei imeshuka, betri inadumu. Kilichobaki kwa mtengenezaji aliyetaka kuuza kikokotoo cha pili kwa mtu ambaye tayari anacho cha kwanza kilikuwa ni kukipa kazi nyingine. Saa, kengele, muziki, bondia na wavamizi vyote viliingia kupitia mlango huo mmoja.

Sasa upungufu wa MG-880. Kama kikokotoo ni cha hesabu za kawaida, na mwanafunzi wa sayansi hatapata humo anachokitafuta. Skrini haina taa, na ukiinamisha kifaa kupita kiasi tarakimu hufifia, jambo linaloudhi wakati wa mchezo kuliko wakati wa hesabu. Sauti haina daraja la chini, na ukicheza mahali pa kimya utawasumbua wenzako. Upungufu ninaoujutia kuliko yote, hata hivyo, ni kwamba hakina saa. Kwa mtu aliyeanza kukusanya kwa kupenda mwungano wa saa na hesabu, huo ni upungufu wa kweli, na hapo ndipo inapobidi nikigeukie kifaa kingine.

Casio CQ-1 kilitangulia, mwaka 1976. Ni kikokotoo, ni saa, ni kengele, na pia ni saa ya kupimia muda, katika ganda moja ambalo ni nene mno kukaa mfukoni bila kuvuta kitambaa; mahali pake halisi ni mezani au kando ya kitanda. Tarakimu zake ni za kijani, zinang'aa zenyewe, na gizani zina uzuri ambao LCD haijawahi kuufikia. Mwanga huo una gharama yake kwa betri, na ndiyo maana skrini haikuachwa iwake mfululizo, ilhali saa ndani iliendelea kuhesabu. Nikikiwasha usiku na kusoma saa kwa mwanga ule, ninaelewa jinsi mtu wa mwaka 1976 alivyojisikia kumiliki kitu cha kesho. Lakini kwa matumizi ya kila siku kinachosha, kwa kuwa chombo cha saa ambacho hakionyeshi saa mpaka ukiamuru kinakupokonya lile jambo dogo la kutupa jicho tu na kuendelea na kazi yako.

Wanunuzi wengi hawaipi saa uzito unaostahili wanapokagua vifaa hivi, na ningependa wauelewe moyo wake. Ndani mna kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa bahati: ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara kumi na tano, kwa hiyo chipu ikigawa mtetemo kwa mbili mara kumi na tano inapata mpigo mmoja kamili kwa sekunde. Saa ya namna hii, ikiwa nzima, hupotea sekunde chache tu kwa mwezi. Basi mnunuzi akiwa na kifaa mkononi asiridhike kuona tarakimu zinasonga. Airekebishe saa, aiache wiki moja, ailinganishe na simu yake. Ikiwa imepotea dakika nzima, kuna tatizo, na mara nyingi tatizo hilo ni mabaki ya uchafu wa betri karibu na kwatzi au betri isiyofikisha nguvu inayotakiwa.

Kifaa ambacho mambo yote matatu hukutana, hesabu, saa na wavamizi, ni saa ya mkononi ya Casio CA-90 ya miaka ya 1980. Iliuchukua mchezo wa aina ile ile na kuufunga kwenye kifundo cha mkono. Ninayo, ninaipenda, na siichezi. Vitufe vyake ni vidogo kiasi kwamba ncha ya kidole hufunika zaidi ya kimoja, na mchezo unaodai mibonyezo kumi ya haraka ili kurudi hatua moja nyuma hauwezi kustawi mahali pa namna hiyo. Mkusanyaji anayetaka kitu kimoja tu cha kuwakilisha fikra nzima ya kipindi kile atafanya vyema kuichukua. Anayetaka kucheza achukue MG-880.

Katika kununua, nimejifunza kwa hasara. MG-880 cha kwanza nilichonunua kilielezwa na muuzaji kuwa kinafanya kazi kikamilifu, na picha ilionyesha sifuri safi kwenye skrini. Kilipofika nilikuta sifuri ipo kweli, lakini nafasi ya tatu kutoka kushoto ilikuwa imepoteza kipande cha katikati, hivyo 8 ilisomeka kama 0, na chumba cha betri kilikuwa kimeota unga wa kijani na mweupe. Tangu hapo sinunui bila kumwomba muuzaji anitumie picha ya skrini ikiwa na 8 katika kila nafasi, kwa sababu 8 peke yake ndiyo inayowasha vipande vyote saba. Ninaomba pia picha ya chumba cha betri kikiwa wazi. Muuzaji anayekataa ombi la pili amekwisha kunijibu.

Kwa aliye na kifaa mkononi, yapo majaribio mawili ninayoyafanya kabla ya yote. La kwanza ni kuandika 12345679, bila 8, na kuzidisha kwa 9. Jibu ni tarakimu tisa za 1 mfululizo, ambazo haziwezi kuenea katika nafasi nane za skrini, kwa hiyo kifaa kizima hakina budi kuonyesha alama ya kosa. Kisipoonyesha, kuna kasoro. Jaribio hilo hupitia karibu vitufe vyote vya tarakimu na pia njia ya ndani ambayo watu husahau kuikagua. La pili linahusu MG-880 na ndugu zake tu: linganisha mguso wa kitufe cha nukta na wa kitufe cha kujumlisha dhidi ya kitufe ambacho mchezo hauhitaji, kwa mfano 7. Katika kikokotoo kilichofanya kazi ya ofisi, tofauti haipo. Katika kile kilichochezwa na mtoto kwa miaka mitatu, nukta huwa imelegea, na wakati mwingine maandishi yake yamefutika kabisa. Binafsi sikatai kifaa cha namna hiyo. Kilichezwa kwa sababu kilipendwa, na mpira wa chini ya kitufe unasafishika.

Kuhusu usafishaji na ukarabati, nitazungumza kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi huvitupa vifaa ambavyo nusu saa ya uangalifu ingeviokoa. Unga wa betri za alkali ni besi, kwa hiyo huondolewa kwa asidi hafifu: siki kidogo kwenye ncha ya pamba, ukisugua taratibu mpaka mapovu yaishe, kisha alkoholi ya kusafishia ili kuondoa siki yenyewe. Ikiwa bati la mguso limeliwa na kutu, likwangue kwa upole na usilipinde, maana huvunjika. Baada ya hapo weka betri za oksidi ya fedha badala ya za alkali za umbo lile lile. Zote mbili huingia, lakini ya fedha hutoa volti zipatazo 1.55 karibu bila kushuka hadi mwisho wa maisha yake, ilhali ya alkali huanza na 1.5 na kuteremka polepole, na mteremko huo huonekana kwenye skrini kama tarakimu zinazofifia kabla ya wakati. Nimewahi kuambiwa na mtu kwamba kikokotoo chake kimekufa, nikakibadilishia betri hizo mbili tu, kikaamka.

Vipande vinavyokosekana kwenye skrini, kama vile vya kifaa changu cha kwanza, mara nyingi si ugonjwa wa skrini. Katika vikokotoo vingi vya LCD vya miaka hiyo, kioo hakikulehemiwa kwenye bodi. Kati yao kuna ukanda mwembamba wa mpira wenye tabaka zinazopitisha umeme na zisizopitisha, zikipishana kama milia. Vumbi au mafuta yakiingia hapo, baadhi ya vipande hukosa umeme. Fungua skrubu kwa bisibisi ndogo inayoenea barabara, toa ukanda, ufute pamoja na pande zote mbili za mguso kwa alkoholi, uache ukauke, urudishe mahali pake pale pale, na ukaze skrubu kidogo kidogo kwa zamu ili mgandamizo uwe sawa. Kifaa changu kilirudisha kipande chake cha katikati kwa njia hiyo, na hakijakipoteza tena. Lakini ukiona skrini ina doa jeusi linaloenea kutoka pembeni kama wino kwenye karatasi, hapo kioo chenyewe kimepasuka na kimiminika kimehama. Hilo haliponi, na kifaa hicho kinafaa kwa vipuri tu. Katikati ya hali hizo mbili kuna utando wa kuchuja mwanga ulioegemea juu ya kioo, ambao kwa uzee hubadilika rangi na kujikunja. Huo unaweza kubanduliwa na kubandikwa mwingine, ingawa kazi yake inataka mkono mtulivu na sishauri mtu aianze kwa kifaa anachokithamini.

Yapo pia maswali ya rangi. Skrini za LCD za miaka ya 1970 mara nyingi zina rangi ya manjano, na wauzaji wengine huitaja kama dalili ya uchakavu. Sivyo. Lilikuwa chujio lililowekwa makusudi kuzuia miali ya jua iliyokuwa ikiharibu kimiminika cha wakati huo, na kuling'oa ili skrini ionekane mpya ni kuondoa sehemu ya historia ya kifaa pamoja na kinga yake.

Ipo raha nyingine ambayo haimo katika kijitabu chochote, nayo inafanya kazi kwenye kikokotoo chochote cha tarakimu za vipande saba. Andika 138, ukigeuze kifaa juu chini, usome: BEI. Andika 1714 ukigeuze hivyo hivyo, inasomeka HILI. Ukiandika 0.537 unapata LESO, nukta ikiwa imejipenyeza kabla ya herufi ya mwisho. Watoto wa lugha nyingine wana maneno yao waliyorithishana kwenye madawati ya shule. Sisi tunayo haya, na yapo mengi zaidi kwa atakayekaa kuyatafuta. Ninaliona jambo hilo kuwa ndugu wa mchezo wa MG-880: katika yote mawili, tarakimu inaombwa iwe kitu kingine, nayo inakubali bila kubadilishwa umbo.

Mwaka 2017 Casio walitoa upya mchezo huo katika kikokotoo kipya kiitwacho SL-880, kilichouzwa Japani. Kwa anayetaka mchezo peke yake, bila siki, bila pamba na bila kubembelezana na muuzaji juu ya picha za chumba cha betri, ndicho ninachomshauri akitafute, kwani kanuni za duara na za kumi zimo humo. Kwa anayetaka kukusanya, jibu langu ni tofauti. Tafuta MG-880 cha mwaka 1980 ambacho vitufe vyake viwili vimelegea kidogo, kisafishe, kiwekee betri za fedha, na ukitumie kila siku kwa hesabu zako halisi, ukihamisha swichi kwenda kwenye mchezo pale kazi inapokuchosha. Kama unahitaji saa kando yake, chukua CQ-1 kwa ajili ya usiku, ukikubali betri zake. Changu kimekaa kulia mwa daftari ninapoandika haya. Jana jioni niliangusha 6, kisha 4, n ikatokea, na tarakimu yangu ilikuwa bado kwenye 4. Nilihitaji mibonyezo sita kuifikia. Nilifika kwa wa tano.